Kompyuta Iliyoomba Chaji

Kompyuta ya mezani haina betri ya kuchaji. Umeme ukikatika inazima papo hapo na kazi yako inapotea, na mhasibu yeyote wa Bariadi aliyewahi kukatikiwa umeme katikati ya msimu wa pamba atakueleza hilo kwa uchungu. Kwa hiyo Rahel alipoona maandishi kwenye kioo cha kompyuta yake, kwamba betri iko chini na achomeke chaji, alicheka peke yake. Akamwita meneja wake aje acheke naye.

Philomena hakucheka. Aliinama, akanusa.

"Nani kaleta maziwa humu?"

Hakuna aliyeleta maziwa. Lakini sasa hata Rahel aliisikia harufu, maziwa ya moto yaliyotoka kwenye kiwele, na nyuma yake samadi.

Kilichomtisha zaidi alikigundua wakati wa chai. Rahel alikuwa na mimba ya miezi sita, baada ya nyingine mbili kutoka, na mtoto huyu alikuwa mchezaji hasa. Mama akila, teke, akikaa vibaya, teke. Siku hiyo, tangu yale maandishi yatokee, alinyamaza. Rahel alipozima kompyuta na kwenda nyumbani, mtoto akaanza tena kucheza. Kesho yake ikawa vilevile.

Fundi wa kompyuta akasema ni UPS tu, lile boksi zito la kuhifadhi umeme. Likiunganishwa kwa waya, kompyuta huiona betri ya boksi ikadhani ni yake. "Hakuna maajabu hapo, dada," alisema, akaondoka zake.

Basi ikabaki kujiuliza UPS imetoka wapi. Ilikuwa ya Abdulrazak, mtunza ghala. Alimwazima Rahel siku ileile fundi umeme alipoweka ethi mpya, ile nondo ya shaba inayopigiliwa ardhini ili radi isiunguze vifaa. Waliipigilia nje, chini ya dirisha la Rahel.

"Tumia wewe," Abdulrazak alimwambia. "Mke wangu naye yuko hivyohivyo, mtapishana wiki chache tu. Sitaki kazi ikipotea uanze kulia."

Ulikuwa wema mtupu. Lakini Abdulrazak ni mtu wa Tanga, na ofisi ile ilikuwa na utani wake kuhusu Tanga na majini yake, na utani ukichanganyika na hofu hauwi utani tena.

"Mtu akupe kitu chake hivihivi?" Philomena alinong'ona huku akichungulia mlangoni. "Na mkewe mjamzito? Fikiria mwenyewe. Ana kitu chake kinakula, na hataki kije kula kwake."

Rahel alifikiria, na akafikiria mno. Akaanza kukumbuka udi unaonukia kwenye shati la Abdulrazak siku za Ijumaa, na anavyosimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia. Akakumbuka anavyouliza kila siku, "Mtoto hajambo?" Kwa nini aanze na mtoto? Chai aliyommiminia aliimwaga kwenye sinki. Kisha akamrudishia UPS yake bila kumtazama usoni.

"Nimekukosea, dada Rahel?"

"Hapana, kaka. Ni fundi tu kasema."

Philomena ana njia zake huko juu. Haukupita muda, Abdulrazak akahamishiwa ghala la Maswa. Alifunga vitu vyake, na UPS ikiwemo, akawaaga wote kwa mkono. Alipogeuka, baadhi yao walifuta mikono kwenye nguo. Rahel alikuwa mmojawapo.

Wakapumua. Halafu, mchana kweupe, kompyuta ikiwa imechomekwa moja kwa moja ukutani, maandishi yakarudi. Rahel alibonyeza kitufe na kioo hakikuzima, akavuta waya ukutani na kioo hakikuzima, na ndani ya lile kasha, pale feni inapovumaga, akasikia kengele ya bati ya ng'ombe ikigonga polepole, kama ng'ombe anayegeukageuka zizini akitafuta pa kulala, na harufu ya ngozi mbichi ikamwingia puani ikashuka hadi kooni, na asilimia za betri zikawa zinapungua mbele ya macho yake, na kadiri zilivyopungua ndivyo tumbo lilivyozidi kuwa zito na baridi, tumbo lake mwenyewe, likimning'inia kama mzigo wa mtu mwingine. Alitoka mbio.

Aliyemkuta nje, amejishikiza ukutani, alikuwa mzee Luhende, mwenye jengo lile, aliyekuja kuangalia mabati yanayovuja.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma. Kabla hajaitikiwa aliiona nondo chini ya dirisha, akavua kofia. "Nani kachimba hapa?"

Philomena alitoka. Mzee alimgeukia bila kupandisha sauti.

"Hapa palikuwa zizi la guku, babu yangu. Kwetu mwenye mji alizikwa zizini, katikati ya ng'ombe wake, kafungwa kwenye ngozi ya dume. Nilikwambia, mama meneja, upande wa dirisha msichimbe."

"Nilidhani ni mambo ya bomba la maji," Philomena alisema, akiangalia viatu vyake.

"Mmemchoma chuma, halafu mkamfunga na umeme. Ameamka na njaa. Atanyonya kilicho karibu."

Asubuhi iliyofuata alirudi na ndugu zake, na maziwa, na maji yaliyokorogwa unga wa mtama. Waliitikisa nondo wakaing'oa. Ilitoka vuguvugu, ncha yake ikidondosha kitu cheupe. Luhende akanyunyizia shimo, ukuta na kompyuta, halafu akasita, kibuyu mkononi.

"Vilivyofungwa kwenye chuma hiki viko hapa vyote? Kama kuna kilichotoka, tusimame kwanza kiletwe. La sivyo atakifuata hukohuko."

"Vyote vipo, baba," Philomena alisema haraka.

Rahel aliikumbuka UPS, iliyokuwa imechomekwa kwenye ethi hiyohiyo. Maswa si mbali. Lakini wasimame mpaka lini? Na Abdulrazak wangemwambia nini? Mtoto alikuwa hajacheza tangu jana.

"Vyote," alisema.

Mzee akamimina. Kengele ikagonga mara ya mwisho, mbali, na mtoto akageuka tumboni. Rahel alilia kwa furaha mbele ya watu wote.

Tangu hapo kompyuta ilitulia. Wiki moja baadaye simu ya Rahel ikaita.

"Dada Rahel. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, kaka Abdulrazak."

"Alhamdulillahi. Nina swali, usinicheke. Ile UPS nimeifunga nyumbani, kwenye televisheni. Sasa televisheni inaniandikia betri iko chini. Televisheni, dada. Na sebuleni kunanuka maziwa." Nyuma yake sauti ya mwanamke iliita, dhaifu. Abdulrazak akateremsha yake. "Mke wangu anasema mtoto hachezi tangu asubuhi. Na wewe ilikutokea hivi? Mlifanya nini?"

Rahel alifungua mdomo amwambie airudishe UPS kwa mzee Luhende. Tumboni mwanawe akapiga teke moja zito, la mtoto aliyeshiba.