Kiraka Kwenye Tanga la Mbele

"Laurids, huyu mwanamke ni nani?"

Laurids aligeuka na brashi mkononi. Alisahau kufunga mlango! Birgitte, binti wa mshona matanga, alikuwa amesimama mbele ya picha akiwa na nguo zake nyeusi za msiba.

"Mke wa nahodha fulani wa Chile. Kazi ya kuagizwa tu."

"Na meli?"

"Si umesoma ubavuni? Rosario."

Birgitte alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Na hiki kiraka kwenye tanga la mbele?"

Manahodha wa Marstal, mji wao wa bandari, huikataa picha ya meli ikipungua hata kamba moja, na Laurids kwa mazoea alikuwa amenakili kila kitu kutoka mchoro wake wa zamani wa meli hii, kiraka na yote.

"Hiki nilikishona mimi. Pembe tatu, kwa sababu kitambaa kiliniishia. Hii ni meli ya Jeppe!"

"Birgitte, kaa kwanza."

"Sikai! Mchumba wangu amezama, mchungaji ameshamwombea. Nimeambiwa nilie, nimelia. Meli yake imefikaje Chile?"

Hakuwa na pa kukimbilia. Akampa barua.

"Laurids, meli yangu unaijua wewe. Ichore kwa jina jipya, Rosario, na mke wangu kwenye sitaha, gauni la kijani. Marstal wakidhani nimekufa, waache. Jeppe."

Birgitte aliisoma mara mbili.

"Imefika lini?"

"Wiki sita zilizopita."

"Wiki sita! Kila siku unakuja kwetu, unakunywa kahawa ya mama, unanifuta machozi, na hii unayo mfukoni?"

"Niliogopa utaumia."

"Mwongo wewe!"

"Basi nakupenda! Umeridhika? Nilijua ukimlilia maiti, iko siku utanyamaza, utaniona na mimi. Naomba nikuoe, Birgitte. Nakufa!"

"Jeppe amenidanganya akiwa upande wa pili wa dunia. Wewe umenidanganya umenishika mkono."

"Nisamehe."

"Na mama yake, je? Yule bibi halali, hali, anamlilia mwanawe wa pekee. Hukumwonea huruma hata yeye?"

Ukweli ni kwamba Laurids hakuwahi kumfikiria hata siku moja.

"Vaa koti. Utamwambia kwa mdomo wako."

Walimkuta Mama Jeppe jikoni anamenya viazi. Laurids alimweleza habari ya barua kwa sauti ndogo, macho sakafuni. Kisu kilimponyoka yule kikongwe. Akamrukia Laurids, akambusu mikono ikiwa bado na rangi mbichi.

"Yu hai! Mungu akubariki, Laurids mwanangu! Birgitte, umesikia? Jeppe wetu yu hai!"

"Nimesikia, mama. Hongera."

Birgitte alimbusu kwenye paji la uso, akatoka bila kumtupia Laurids jicho. Laurids alitaka kumkimbilia, lakini Mama Jeppe alikuwa amemng'ang'ania mikono, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Usiondoke, nieleze tena taratibu. Barua imekuja leo, eh?"

Laurids alitazama mlango. Angeweza kusema ndiyo. Birgitte alikuwa ameshafika barabarani, asingesikia.

"Hapana, mama. Imekuja wiki sita zilizopita."

Ile mikono ikamwachia.