Kisigino cha Kinyozi

Msichana mmoja wa darasa la sita walimwita Redio, na jina hilo halikumwangukia tu. Alizungumza akivaa viatu, akazungumza akipiga mswaki huku povu likimtoka mdomoni, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini midomo ilimchezacheza. Shuleni, ukitaka habari ifike madarasa yote kabla ya kengele ya mapumziko, ulimnong'oneza yeye, kisha ukamsihi asimwambie mtu.

Nyumbani walikuwa watatu. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Asubuhi mashine yake ilianza kunguruma kabla hata chai haijachemka. Baba yake alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa pale njia panda, na watu walimpenda kwa mikono yake myepesi na maneno yake ya kuvunja mbavu. Redio alikuwa akimsaidia siku za mapumziko: kufagia nywele, kukung'uta taulo, na bila shaka kuwapigia wateja soga wakisubiri zamu.

Asubuhi moja, wakati wa likizo, Redio aliamka mapema kwenda msalani. Kwenye ujia mwembamba alimkuta baba yake peku, mkono mmoja umeshika ukuta, anatembea kwa vidole kama mwizi wa kuku.

"Baba, unamnyatia nani?"

"Shhh! Punguza sauti, mama yako asisikie." Baba alikunja uso akashusha mguu wa kulia polepole. "Ni kisigino tu. Nikishuka kitandani, hatua za kwanza ni kama nakanyaga msumari. Nikitembeatembea, kinalegea. Jioni kinarudi tena."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Kwa nini usiende hospitali?"

Baba aliangalia mlango wa chumbani, kisha akainama karibu na sikio la binti yake. "Kuna mteja aliniambia kwamba huo ni mfupa unaoota kama mwiba ndani ya kisigino. Dawa yake ni kisu. Sasa kinyozi asiyeweza kusimama atanyoa vichwa vya nani? Shule zinakaribia kufunguliwa, watoto wote wa mtaa wananisubiri. Niahidi hutamwambia mama yako."

Redio alitaka kusema mengi, lakini aliyaona macho ya baba yake. Hakuwahi kuyaona na hofu namna ile. Akaweka kidole mdomoni, akaahidi.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwake. Siri ilimkaa kooni kama tonge lisilomezeka. Mchana alimwona baba akienda nyuma ya kibanda na kukipigiza kisigino kwenye saruji, pu, pu, pu, kwa sababu mteja yuleyule alimwambia kuwa maumivu hutishwa kwa maumivu. Jioni baba alirudi akichechemea, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, akasema amechoka kidogo. Mama alimtazama, akamtazama na binti yake aliyekuwa akichezea kijiko.

"Na wewe umemeza nini leo?" mama aliuliza. "Umekuwa kama redio iliyoishiwa betri."

Baba alicheka kwa nguvu kuliko mzaha wenyewe. Redio hakucheka.

Jumamosi ya mwisho ya likizo kibanda kilifurika. Watoto walibanana kwenye benchi hadi mlangoni. Katikati ya msongamano huo aliingia mwalimu mkuu wa shule yao, mtu mrefu mwenye nywele nyeusi alizozitunza kama bustani. Watoto walinyamaza wote kwa mara moja. Mwalimu mkuu aliketi, akafungwa kitambaa shingoni, akafumba macho.

"Punguza pembeni tu, kinyozi. Juu usiguse sana. Jumatatu nina mkutano na wazazi."

"Ondoa shaka, Mwalimu."

Baba alikuwa amesimama tangu asubuhi, uzito wote ameuegemeza kwenye mguu wa kushoto. Alipogeuka kuhamia upande wa pili, alisahau akakanyaga kwa kisigino cha kulia. Redio alimwona akishtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Mwili ulimyumba, mkono ukafuata, na mashine ya kunyolea ikapita moja kwa moja kutoka kwenye paji la uso hadi utosini.

Katikati ya ile bustani nyeusi palikuwa pamechongwa barabara nyeupe, iliyonyooka.

Mwalimu mkuu alifumbua macho. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Samahani sana, Mwalimu," baba alisema, jasho likimtiririka. "Ni mashine. Umeme umeruka."

Mwalimu mkuu aliinua macho kwenye taa, iliyokuwa ikiwaka bila kupepesa. Kisha akamtafuta Redio kwenye kioo, akamwona amesimama na fagio mkononi.

"Binti, umeme umeruka?"

Baba yake alikuwa akimwangalia, na mwalimu wake alikuwa akimwangalia. Akisema ndiyo, baba ataponyoka leo. Na kesho je? Alifikiria ule ujia wa asubuhi na zile pu, pu, pu za nyuma ya kibanda.

"Hapana, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Umeme uko sawa. Ni kisigino cha baba. Kinamuuma sana, hawezi kusimama, na anaogopa kwenda hospitali asije akakatwa."

Maneno yalitoka yote kwa pumzi moja, na machozi yakayafuata. Baba alizima mashine. Aliketi taratibu kwenye ncha ya benchi, na watoto wakasogea kumpisha.

Mwalimu mkuu alijipapasa ile barabara kichwani. Watu walingoja radi ipige. Badala yake, mabega yake yalianza kutikisika, alikuwa anacheka.

"Basi zinyoe zote," alisema. "Wazazi watadhani nimeongezeka busara. Lakini utaninyoa umekaa, tena tafuta kigoda kirefu." Kisha kicheko kilimkauka, akageuka kumtazama baba usoni. "Sikiliza, ndugu yangu. Hizi zangu zitaota. Lakini leo ulikuwa umeshika mashine. Ungekuwa umeshika wembe, uko shingoni mwa mtoto mmojawapo hapa, ingekuwaje?"

Baba aliwatazama watoto wale mmoja mmoja, akainamisha kichwa.

Jioni walifunga kibanda wakarudi nyumbani polepole, baba akimshika binti yake begani.

"Umenikasirikia, Baba?" Redio aliuliza.

"Nimejikasirikia mwenyewe. Nilikutwika mzigo usio wako, mwanangu. Mtu mzima akikuambia ufiche jambo linalomuumiza, usikubali tena, hata akiwa ni mimi. Na mama huna haja ya kumwambia wewe. Nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia kweli. Mama alisimamisha cherehani, akasikiliza mpaka mwisho. "Kumbe hizi siku zote nilikuwa nikidhani umeninunia," alisema hatimaye. "Jumatatu asubuhi tunakwenda kituo cha afya. Kibanda kitangoja."

Jumatatu Redio aliomba ruhusa akawasindikiza, bado amebeba begi la shule. Tabibu alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Alimpandisha baba kitandani, akakamata mguu wa kulia, akavuta vidole kwa nyuma, kisha akabonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani.

"Hapo! Hapo hapo!" baba aliruka nusura apige teke.

"Nimepaona. Unavaa nini kazini?"

Baba alionyesha kandambili zake. Tabibu aliziinua, mwanga ukazipenya. Visigino vilikuwa vimelika vikawa vyembamba kama karatasi.

"Na unasimama kwenye nini?"

"Saruji. Kutwa nzima."

Tabibu aligeuka kwa Redio. "Hebu nikopeshe begi lako, binti." Alilining'iniza kwa mkanda, akaonyesha mahali mkanda ulipoungana na begi. Nyuzi zilikuwa zimeanza kuchanika. "Mnaona? Mkanda ni mzima, lakini hapa penye kiungo panabeba uzito wote, ndipo panapoanza kuchakaa. Chini ya unyayo wako, Baba, upo mkanda mgumu kama huu. Umeanzia kisiginoni na kwenda mpaka vidoleni. Ukisimama kutwa kwenye sakafu ngumu na viatu visivyo na soli, unavutika na kuchubuka pale unaposhikana na kisigino. Usiku ukilala unapumzika na kujikunja. Asubuhi unashuka ghafla, unauvuta kwa nguvu. Hapo ndipo unapouona huo msumari wako."

"Na mfupa?" baba aliuliza kwa woga. "Ule unaokatwa?"

"Wako wengi wenye kamfupa hako na hawajui hata kama wanako. Na wengi wanaoumwa kama wewe hawana. Hukatwi, Baba. Wengi wenye shida hii hupona bila kisu. Lakini acha kukipigiza chini, maana unachubua kidonda kilekile."

Baba alishusha pumzi ndefu sana, na mama akamfinya mkono.

Tabibu alimwelekeza. Kabla ya kushuka kitandani, apitishe taulo chini ya vidole vya mguu na kulivuta kwake taratibu, ahesabu polepole, kisha arudie. Mchana aegemee ukuta kwa mikono, mguu unaouma ubaki nyuma umenyooka, kisigino chini, mpaka ahisi shavu la mguu linavutika. Jioni aviringishe unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Avae viatu vyenye soli nene, laini, vinavyoshika unyayo vizuri, na anyoe akiwa amekaa kila anapoweza. Alimpa na dawa ya maumivu ya muda mfupi.

"Nitapona lini?" baba aliuliza.

"Hesabu miezi, usihesabu siku. Ukiona mguu unakufa ganzi, unavimba, au una homa, au ukifanya haya yote na usione nafuu, rudi nikuone. Lakini wavivu wa mazoezi nawajua kwa sura, na sitaki kukuona kwenye foleni yao."

Nyumbani kazi ilianza. Redio ndiye aliyekuwa msimamizi. Alfajiri alibisha mlango akisema, "Taulo kwanza, sakafu baadaye!" Mama alishona zulia nene la vitambaa chakavu la kuwekwa kibandani pale baba aliposimama. Muuza duka wa jirani alikubali kuwagandishia chupa kwenye friji lake. Wateja walizoea kumwona kinyozi akisukuma ukuta kwa mikono miwili, na wengine walimtania wakimuuliza kama anataka kuuhamisha.

Baada ya wiki kadhaa maumivu yalipungua. Hapo baba akajiona bingwa. Taulo lilirudi kutundikwa bafuni, na viatu vipya vikabaki chini ya kitanda. Alasiri moja alijiunga na vijana waliokuwa wakicheza mpira uchochoroni, peku, akiufukuza kama kijana wa miaka kumi na sita. Asubuhi iliyofuata Redio alisikia mlio wa "Aaah!" kutoka chumbani.

Alimkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda, amekata tamaa. "Mazoezi yenyewe ni bure tu," alisema. "Nimerudi palepale."

"Hujarudi palepale, Baba. Uliacha njiani." Redio aliketi kando yake. "Mimi nikipata alama nzuri za hesabu mara moja, halafu nikafunga madaftari mpaka mwisho wa mwaka, ungesemaje?"

Baba alicheka akitikisa kichwa. "Niletee hilo taulo."

Safari hii hakuacha. Zipo siku alizonung'unika, na zipo siku maumivu yalimzidi akafunga kibanda mapema. Lakini msumari ulipungua ukawa kama punje ya mchanga, na punje nayo ikaanza kutoweka. Mvua zilikuja zikapita, na baba akawa anasimama mpaka mteja wa mwisho bila kuegemea popote. Hata hivyo, mazoezi aliendelea nayo.

Jioni moja, baada ya chakula, baba alisogeza sahani yake pembeni akawatazama mkewe na binti yake.

"Nataka kusema jambo," alianza. "Nilidhani kujikaza ndiyo uanaume. Nikaogopa neno la mtu wa benchini kuliko ugonjwa wenyewe, nusura nimkate mtoto wa watu. Mwili ukiuma unasema, na anayepaswa kuusikiliza kwanza ni mwenye mwili. Akishindwa, aende kwa aliyesomea kazi hiyo, mapema, na akipewa dawa au mazoezi ayafuate mpaka mwisho, siyo mpaka atakapojisikia vizuri. Katika nyumba hii, kuanzia leo, hakuna kuugua kwa siri. Mnasikia?"

"Tunasikia," alisema Redio.

Mama alikuwa akiangalia cherehani yake pale kwenye kona, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelishika bega la kulia, ukilikanda polepole. Redio alimwona. Baba pia alimwona.

"Mama watoto," baba aliita kwa upole. "Bega lina nini?"

Mama alitazama chini, akatabasamu kwa aibu. "Nilikuwa nangoja kwanza upone wewe."

Baba alinyanyuka, akazunguka meza na kusimama nyuma ya kiti cha mkewe, akakiweka kiganja chake chepesi juu ya lile bega.

"Kesho asubuhi," alisema, "vichwa vya mtaa vitangoja."