Maoni ya Wanafunzi Kuhusu Bei ya Maji

Asubuhi, Mlima Hanang ukiwa bado umejifunika ukungu, Zita alikuwa tayari yuko bombani na madumu yake ya njano. Alipanga foleni na akina mama wa kijiji cha Nangwa, akateka maji, akamfungia punda mzigo, kisha akarudi nyumbani kunywa uji. Baada ya hapo alivaa sare na kukimbilia shuleni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na alisoma darasa la sita.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Zita alilijua kama anavyolijua jina lake: shule ilipotaka mwanafunzi wa kusoma mbele za watu, ilimwita yeye. Alisoma wageni walipokuja, na alisoma siku ya wazazi. Kwa hiyo Mwalimu Hilda aliposema siku hiyo kwamba shule imetakiwa kutoa mwanafunzi wa kuzungumza kwenye mkutano wa maji, Zita alianza kuinuka kabla hajaitwa.

Miaka hiyo Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na mambo mengi yaliyokuwa mikononi mwa serikali yalikuwa yamekabidhiwa watu binafsi. Hata mradi wa maji ya bomba ulikodishwa kwa mkandarasi. Mashine yake ya kusukuma maji ilitumia dizeli, hivyo bei ya dumu la maji ilipanda na kushuka. Halmashauri ilimtaka mkandarasi abandike karatasi kwenye kila bomba, kila mwezi, akieleza bei na sababu yake. Sasa mkandarasi alikuwa ameomba aondolewe kazi hiyo. Kabla ya kumjibu, halmashauri ilitaka kusikia maoni ya wananchi, wakiwemo watoto, kwa sababu wao ndio wateka maji wakubwa.

"Atakayetuwakilisha ni Chiku," alisema Mwalimu Hilda.

Zita alikaa tena polepole. Chiku! Chiku alikuwa amehamia shuleni muhula ule ule, baba yake, Mzee Yakubu, alipofungua duka Nangwa akitokea Katesh. Alikaa dawati moja na Zita. Alikuwa mpole, na kalamu yake alimwazima yeyote. Lakini sasa Zita alimtazama kwa jicho lingine. Aliona viatu vyake vyeupe ambavyo havikuwa na ufa. Aliona mtandio wake uliopigwa pasi. Akajiuliza, yule anayeletewa maji nyumbani na mwenye mkokoteni, anajua nini kuhusu bomba?

"Chiku," aliendelea mwalimu, "waulize wenzako. Usiseme yako, sema yao."

"Sawa, mwalimu," alijibu Chiku kwa sauti ile yake nyororo, ambayo jana Zita aliipenda na leo ilimkera.

Jioni, mama yake Zita, Rogathe, alikuwa akifunga nguo kwenye kitenge. Alfajiri angepanda basi kumpeleka bibi hospitali ya Haydom.

"Mama, nimesikia kuna mkutano wa maji," alisema Rogathe, akimwita binti yake vile kwa mapenzi. "Bila shaka utazungumza wewe."

"Amechaguliwa Chiku."

"Mtoto wa dukani? Si vibaya. Basi mweleze habari ya ile siku uliyotusomea karatasi."

"Nitamweleza," alisema Zita, macho yake yakiwa motoni.

Siku hiyo Zita aliikumbuka vizuri. Wakati wa kiangazi dizeli ilipanda, na bei ya maji ikapanda. Mvua ziliponyesha, bei ilipaswa kushuka, lakini mtunza bomba aliendelea kutoza bei ya kiangazi. Rogathe, ambaye hakusoma sana, alimwomba Zita amsomee karatasi iliyobandikwa. Zita alisoma kwa sauti, na akina mama wote wakasikia kwamba bei ilikuwa imeshuka tangu mwezi mpya uanze. Walimzunguka mtunza bomba mpaka akaomba radhi. Usiku ule Rogathe alimwambia kila jirani kwamba mwanawe ameokoa fedha za nyumba nzima.

Habari hiyo ilikuwa ya Zita. Kwa nini ampe Chiku akaitumie kupigiwa makofi?

Kesho yake wakati wa mapumziko, Chiku alimjia mbio. "Zita, nimeanza na wewe kwa sababu wewe uko bombani kila siku. Hivi ile karatasi ya bei, watu huisoma? Inawasaidia?"

Zita alitazama chini. Kitu kilimbana kifuani kama kamba iliyokazwa. Alifikiri, Chiku akiambiwa uongo, atausema, na watu watamcheka. Hapo mwalimu atajua alimwacha nani.

"Ile karatasi?" alisema. "Hakuna anayeisoma. Mbuzi wa Mzee Gidahosh huitafuna hata gundi haijakauka."

Chiku alicheka. "Kumbe! Asante, rafiki yangu. Ngoja niwaulize na wengine."

"Usijisumbue," alisema Zita haraka. "Wote watakuambia hivyo hivyo."

Na Chiku, ambaye bado aliona haya kuwasogelea watoto asiowazoea, alimwamini.

Mkutano ulifanyika katika ghala la zamani la chama cha ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata mazao hadi mashambani, ghala lile lilikuwa tupu, na njiwa walikuwa wamejenga viota kwenye paa. Wanaume walijaa kwenye mabenchi. Wanawake walikuwa wachache sana, kwa maana ulikuwa wakati wa kuvuna maharage. Wanafunzi wa darasa la sita walikaa sakafuni na Mwalimu Hilda.

Afisa wa maji kutoka wilayani, Bwana Selemani, alifungua mkutano. Kisha alisimama Bwana Wolfgang, msimamizi wa kazi za mkandarasi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suruali iliyoingia doa la grisi.

"Ndugu zangu, sikatai kueleza bei," alisema. "Lakini kila mwezi natakiwa kuandaa karatasi za mabomba, na juu yake taarifa nene ya wilayani. Kuna siku bomba limepasuka, mafundi wananisubiri, na mimi nimeinamia meza naandika. Kama karatasi hizi zinawasaidia, nitaendelea. Kama haziwasaidii, niacheni nishughulike na maji."

Zita alishangaa. Alikuwa ametarajia mtu mkali, lakini maneno yale yalikuwa ya haki.

"Sasa tusikie watoto," alisema Bwana Selemani.

Chiku alisimama. "Shikamooni, wazazi wetu."

"Marahaba!"

"Nimeambiwa na wenzangu wanaoteka maji kwamba karatasi ya bombani haisomwi na mtu. Wanasema mbuzi ndio wanaofaidi, maana huitafuna hata gundi haijakauka."

Ghala lote lilipasuka kwa kicheko. Zita alingoja kuona Chiku akiaibika. Lakini kicheko kile hakikuwa cha dharau. Wanaume walipiga makofi. "Mtoto huyu anajua kuzungumza!" alisema mmoja. Bwana Wolfgang alitabasamu na kutikisa kichwa. Hata Mwalimu Hilda alicheka.

Zita alihisi uso ukimwaka. Maneno yale yalikuwa yake! Ule mzaha wa mbuzi aliubuni yeye, na sasa Chiku anashangiliwa kwa ajili yake.

Kisha akaona Bwana Selemani akiandika. Aliandika, akageuza ukurasa, akauliza, "Basi wanafunzi wanapendekeza karatasi za bombani ziondolewe. Kuna mwenye maoni mengine?"

Wanaume walitazamana. Wao hawakuteka maji, na wale wanawake wachache waliokuwepo walitoka upande wa kijiji uliokuwa na bomba jingine. Zita alimfikiria mama yake, ambaye saa hiyo alikuwa Haydom akisubiri na bibi kumwona daktari. Kiangazi kingekuja tena, bei ingepanda, na siku ya kushuka nani angejua?

Bwana Selemani alimgeukia Chiku. "Binti, umeyaona haya kwa macho yako?"

"Hapana, mheshimiwa. Niliambiwa."

"Na nani?"

Chiku aligeuka. Macho yake yalikutana na ya Zita, na Zita aliona kwamba Chiku ameanza kuelewa. Kichwa chake Zita kiliinama chenyewe. Alingoja kusikia jina lake.

"Nilimuuliza mwenzangu mmoja tu," alisema Chiku taratibu. "Nilitakiwa niwaulize wengi. Kama kuna kosa, ni la kwangu."

Maneno hayo yalimchoma Zita kuliko fimbo. Alisimama kabla hajajua kwamba anasimama.

"Ni mimi," alisema. Sauti yake, ile iliyozoea kusoma mbele za wageni, ilitetemeka. "Mimi ndiye niliyemwambia, na nilimdanganya. Watu huisoma ile karatasi. Mimi mwenyewe niliisoma. Tulikuwa tunatozwa bei ya kiangazi wakati mvua zimeshanyesha, na karatasi ndiyo iliyotuonyesha. Akina mama wa bomba letu wote wanajua, ila wako mashambani."

Njiwa walisikika juu wakipiga mbawa.

"Kwa nini ulidanganya?" aliuliza Bwana Selemani.

Zita alitamani kusema kwamba ulikuwa utani. "Nilitaka kuchaguliwa mimi," alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Mzee mmoja alianza kufoka kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Bwana Wolfgang alimwinulia mkono kumtuliza. "Mtunza bomba alitoza bei ya zamani? Hilo sikuambiwa," alisema. "Nitalifuatilia. Nashukuru nimelisikia."

Bwana Selemani alifuta alichokuwa ameandika. "Maoni ya maandishi yatapokelewa hadi Ijumaa," alisema. "Shule irudi ikafanye kazi yake vizuri."

Nje, Mwalimu Hilda aliwaita wasichana wote wawili kando. Hakupiga kelele.

"Zita, unajua kwa nini nilimchagua Chiku?"

"Kwa sababu anasoma kunishinda."

"La. Tangu amekuja hapa hajazoeana na mtu ila wewe. Nilitaka awe na sababu ya kuwaendea wenzake. Wewe nilikutegemea umshike mkono."

Chiku alikuwa ametazama pembeni, akikunja ncha ya mtandio wake.

"Kuanzia leo jioni mtakwenda pamoja," alisema mwalimu. "Bomba kwa bomba. Mtauliza kila anayeteka maji, na mtaandika anachosema, kiwapendeze au kisiwapendeze."

Jioni ya kwanza walitembea kuelekea bomba la kwanza. Zita aliomba msamaha karibu na daraja. Chiku alijibu, "Nimesikia," akaendelea kutembea. Bombani, Zita aliwajulisha akina mama, na Chiku akauliza. Wengi walisema karatasi inawasaidia, ila herufi ni ndogo na maneno ni mengi. Bibi mmoja alisema yeye haoni faida yoyote, na hilo nalo waliliandika.

Kwenye bomba la mwisho, akina mama walimpenda Chiku. Walimsifu kwa heshima yake, na mmoja akampa hindi la kuchoma. Zita hakupewa. Alihisi ile kamba ikianza kumkaza tena kifuani. Walipokuwa wakirudi alisimama njiani.

"Chiku, nimeona wivu tena. Sasa hivi, kwa sababu ya hindi."

Chiku alimtazama, kisha akaangua kicheko, cha kwanza tangu siku ya mkutano. "Wivu wa hindi!" alisema. Akalivunja katikati. "Mimi nami huona wivu. Wewe kila mtu huku anakuita kwa jina. Mimi wananiita mtoto wa duka."

Zita hakuwahi kufikiri kwamba ana kitu cha kuonewa wivu. Walikula hindi wakitembea, na siku iliyofuata walikaa tena dawati moja bila kugeuziana mgongo.

Rogathe aliporudi kutoka Haydom alikuwa amekwisha kusikia yote ndani ya basi. Alimgombeza Zita vikali, kisha akampeleka mwenyewe dukani kwa Mzee Yakubu kumwomba Chiku radhi mbele ya wazazi wa pande zote mbili.

Mvua zilipokaribia kwisha, jibu la halmashauri lilifika. Mwalimu Hilda alilieleza darasani. Karatasi ya bombani ingeendelea kubandikwa kila mwezi, lakini iwe ukurasa mmoja tu, kwa herufi kubwa. Ile taarifa nene ya wilayani, Bwana Wolfgang angeiandika mara moja kwa mwaka. Darasa lilipiga makofi.

Mwalimu aliwangoja wanyamaze.

"Wanangu, wivu humpata kila mtu, hata mimi," alisema. "Kuuona moyoni si kosa kubwa. Kosa ni kuuacha ukutume kazi. Wivu wa Zita ulimtuma kusema uongo kwa mtu mmoja, na uongo huo ulikaribia kuwanyima watu wengi haki ya kujua kwa nini wanalipa wanacholipa. Ukiulizwa maoni, unakuwa mdomo wa wale ambao hawakufika mkutanoni. Sema ulichokiona. Na mwenzako akipewa nafasi uliyoitaka, msaidie aifanye vizuri, maana faida yake mtaipata wote."

Kisha aliinua ile barua. "Akina mama waliotupa maoni wanastahili kusomewa jibu hili. Jioni hii, bombani. Nani atasoma?"

Darasa lote liligeuka kumtazama Zita. Mkono wake ulikuwa juu tayari.

"Chiku asome, mwalimu," alisema. "Mimi nitapita nyumba kwa nyumba kuwaita watu."