Waya wa Ndani

Simu ililia siku ya Jumanne, saa saba ya mchana, na Domitille akacheka. Ilikuwa simu ya zamani, nyeusi na nzito, iliyofungwa kwenye ukuta wa sebule, na mjini Goma hata mtoto anajua kwamba simu za namna hiyo zilikufa kitambo, nyaya zake zikamezwa na volkano. Waya wa hii haukutoka hata nje. Uliteremka ukutani, ukapenya simenti, ukazama katika jiwe jeusi ambalo nyumba ilijengwa juu yake.

Aliyeinua mkonga ni Ange, binti yake wa miaka minane.

"Allô," alisema. Akasikiliza, kisha akaurudisha. "Mama, kuko mutu. Ananiita jina."

Domitille hakupenda. Kwao, upande wa Bukavu, mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, maana si kila anayeita ana mwili. Lakini nani hukumbuka hayo mbele ya simu? Kazi ya simu ni hiyohiyo, kumwitikia usiyemwona.

Jioni sauti ya Ange ilikuwa imekauka. Jumatano simu ililia kabla mama hajarudi kutoka kazini, mtoto akaitika tena, na sauti ikapungua zaidi. Kufika Ijumaa, mtoto aliyekuwa akiimba kanisani mpaka watu wageuke alikuwa ananong'ona tu, pumzi yake inanuka kiberiti, na daktari alilichungulia koo lake asione kidonda. Domitille aliogopa, tena sana. Mumewe alikuwa kazini Rumangabo hadi mwisho wa mwezi, na shauri lote lilikuwa juu yake.

Alimwendea mwenye nyumba, Kambere, mfanyabiashara wa Butembo.

"Papa Kambere, kuya uondoe ile waya. Inamaliza mutoto wangu."

"Mama Ange, waya ya inje ni ya serikali. Ya ndani ni ya locataire, ya mwenye kupanga. Iko mu contrat, na weye ulisaini."

"Miye nilipanga nyumba! Sikupanga waya yenye kutoka mu jiwe!"

"Sasa iko yako," alisema Kambere, bila kumtazama usoni.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini huyu alivuta kwa haraka mno, na jasho lilikuwa linamtoka. Domitille alimwacha hapo, akaenda kumtafuta mzee Damien, fundi aliyefunga simu za mji huu tangu ujana wake.

Damien alifika Jumamosi na koleo lake. Akagusa waya, akatoa kidole upesi. Ulikuwa wa moto.

"Kuko nyumba ingine huku chini," alinong'ona. "Miye njo nilifunga simu mule, mbele ya volkano kuizika, na hii waya inatokea kule. Kitu kimoja kilibakia mule. Kinakula sauti za batu."

"Ukate, muzee. Nakuomba."

"Miye hapana. Waya ya ndani inakatwa na mwenyewe. Nikikata miye, itarudia. Ikilia, weye uinue, unyamaze. Itaiga mutoto wako. Usiitike hata kidogo. Ikichoka, ukate."

Lisilo budi hutendwa. Ange alilazwa chumbani, mlango ukafungwa. Saa saba ilipogonga simu ikalia, na Domitille akainua mkonga akauweka sikioni, na kwanza akasikia mawe yakisagana mbali chini ya miguu yake, kisha harufu ya kiberiti ikamjaa puani, kisha pumzi, si ya mtu mmoja, pumzi za watu wengi waliobanana mahali pasipo na hewa, na katikati ya pumzi hizo sauti ya Ange, safi kama ilivyokuwa kanisani, ikisema, "Mama, ni miye, Mama, itika, huku giza iko mingi," na yeye akauma kitenge chake asipige kelele, machozi yakamtiririka, na sauti ikalia, ikabembeleza, ikataja hata jina la utani ambalo walilitumia wawili tu wakati wa kusuka nywele, na bado hakuitika, mpaka ikachoka, ikanyamaza.

Akachukua koleo, akakata. Harufu ikaondoka. Damien akafanya ishara ya msalaba.

Domitille alikimbilia chumbani. Ange alikuwa ameketi kitandani, macho maangavu, pumzi yake haina tena kiberiti. Alimwona mama yake, akatabasamu, akafungua kinywa kumwita. Hakikutoka kitu. Hata mnong'ono haukutoka.

"Haikuwa inaiga," Domitille alisema polepole. "Muzee, ile ilikuwa yeye."

Damien alitafuta kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo Domitille hakubishana tena na mtu juu ya waya ule. Mumewe aliporudi akataka wahame, naye akakataa katakata. Kila siku saa saba aliikwangua shaba kwa kisu, akaunganisha ncha mbili kwa vidole vyake mwenyewe, akainua mkonga akasikiliza, Ange yuko mapajani pake. Wiki tatu hakusikia kitu. Jana akasikia pumzi, halafu sauti ileile, mbali sana.

"Mama, huku tuko bengi. Itika."

Ange alimshika mama yake mkono kwa nguvu, akatikisa kichwa, akatikisa tena, machozi yakimtoka, akimkataza kwa uso wote.

Domitille akaitika.