Jina la Mtoto wa Pili

Mimi nilimwambia. Hilo mliweke akilini kabla sijaendelea, maana hapa Bwera wapo wanaosema mimi Loyi nilikuwepo na sikufanya kitu. Nilimwambia mtoto alipozaliwa, nikarudia siku ya ubatizo, na mwenzangu akanijibu, "Dada, jina ni jina tu." Haya.

Mwenzangu huyo ni Akumu, jirani yangu, mke wa askari Okot. Si watu wa huku, jeshi ndilo lililowaleta. Uchungu ulipomshika, Okot akiwa kazini mbali, kaka yangu Kambale ndiye aliyempakia kwenye boda akamfikisha hospitali katikati ya mvua. Kwa shukrani Akumu akampa mwanawe jina hilo. Shukrani nzuri, lakini kwetu Wakonzo jina si kitu cha kupeana kama chumvi. Mvulana wa kwanza ni Baluku. Wa pili ndiye Kambale. Ukimwita wa kwanza Kambale, umeacha nafasi wazi mbele yake, na nafasi ikiwa wazi haikosi wa kuitaka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Likizo ya mwezi wa nane, mtoto akiwa ameshaanza shule, Okot aliahidi kuja kuwatembeza Kasese, kisha akanyimwa ruhusa. Mtoto alilia mpaka akashikwa na homa. Akumu akakasirika, akasema wataenda bila yeye, siku mbili tu, waone mji, waone mto Nyamwamba, wapige picha kama watu wengine. Akaniomba nimsindikize, nikaenda.

Asubuhi ilikuwa nzuri tu, mlima unaonekana wote. Pale gesti, msichana wa mapokezi, Ronah, alimuuliza mtoto jina, akajibiwa Kambale. Akatuletea chai. Kikombe kimoja kikazidi.

"Hii ya nani?" Akumu akauliza.

"Ya Baluku. Mumemuacha wapi?"

"Hakuna Baluku. Mimi niko na mutoto moja tu."

Ronah akashusha macho. "Pole sana, mama."

Basi siku nzima ikawa hiyo hiyo. Muuza chapati, pole. Mpiga picha, pole. Kila aliyesikia jina la mtoto aliona kaburi la kaka yake. Akumu alichoka, akawa anakaripia watu wazima barabarani. "Sijafiwa mimi. Mbona munanililia mutoto ambaye hakuzaliwa?" Nikamwambia kwa upole tutaje jina lingine mpaka turudi nyumbani. Akaniambia niache ushamba.

Alasiri tukashuka mtoni. Maji yalikuwa machache, ya magotini, yanapita katikati ya mawe makubwa yaliyoletwa na mafuriko. Ng'ambo watu walikuwa wanagonga kokoto. Akumu akapiga picha zake. Mtoto akaenda kucheza nyuma ya jiwe moja, chapati mkononi. Nikamsikia anaongea. Nilidhani anajiimbia.

Akarudi mikono mitupu.

"Chapati umepeleka wapi?"

"Nimepatia kaka. Iko na njaa."

Akumu akamzaba kofi. Siku nzima ilikuwa imemjaa kooni, naelewa, lakini kofi lile liliniuma mimi. Mtoto hakulia. Alitazama kule kwenye jiwe, vile mtoto anavyomtafuta mkubwa wa kumshitakia. Kisha akaondoka polepole, akaingia majini.

Nyundo za ng'ambo zikanyamaza.

Alikuwa katikati ya mto. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umenyooka, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu aliyemzidi urefu. Hapakuwa na mtu. Mkono ukavutwa. Akapiga hatua. Ukavutwa tena.

Akumu alijitupa majini, akadaka mkono wa kushoto. Akavuta. Mimi nikamshika Akumu kiunoni, nikavuta. Sisi ni wanawake tuliozoea kubeba magunia ya mihogo. Hatukumsogeza. Maji yakamfika kifuani, na pale hapakuwa na kina.

"Mwite," nikanong'ona.

"Nani?"

"Unamjua. Mwambie amwachie mdogo wake. Hilo tu."

"Sina mutoto mwingine, Loyi."

"Akumu. Mwite."

Maji yakafika kidevuni. Kisha mdomoni. Mtoto akamtazama mama yake, akafumba macho.

"Baluku," Akumu akasema, kwa sauti ndogo. "Baluku, mwanangu. Mwachie mdogo wako." Na kabla sijamziba mdomo akamalizia, kama mama yeyote anavyowaita watoto jioni, "Njoo twende nyumbani."

Mkono ukaachiwa. Tukaanguka chali wote watatu.

Nani alimwambia aongeze hilo? Si nilisema hilo tu? Tukapanda gari la kurudi jioni ile ile, na mpaka tunapita Kinyamaseke nilikuwa bado nakamua nguo, hasira haijanitoka. Mtoto alilala mapajani mwangu, mzima, na alama za vidole vyembamba kwenye mkono wa kulia. Akumu alijibana dirishani, akaacha nafasi kati yetu. Dereva akataka kumkalisha abiria pale.

"Pamejaa," Akumu akasema.

Kesho yake alikuja kwangu, akafunga mlango, akafungua blauzi. Ilikuwa imelowa.

"Maziwa, dada."

Kambale aliacha kunyonya zamani, sasa anasoma. Zahanati wakampima Akumu, hana mimba. Nikamwambia twende kwa mchungaji leo hii, hiki kitu kitolewe. Akakataa. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemwita mjinga mbele ya watu, na Mungu anisamehe. Jibu lake ni moja tu.

"Nikimufukuza, atarudi mtoni na nani?"

Kambale sasa analala kwangu, upande wa ukutani, nikiwa nimemshika mguu mpaka kunakucha. Kule kwa Akumu hakuna mtu mwingine, Okot bado hajapewa ruhusa. Jioni maziwa yanamjaa mpaka hawezi kulalia ubavu. Asubuhi titi la kushoto linaamka tupu.