Soksi Kwenye Tundu la Hewa

"Kichujio kimejaa. Kibadilishwe leo."

Simu ikakatika.

Rusnė Kalvelytė alimalizia kahawa yake, akawasha Volkswagen Transporter nyeupe iliyoandikwa ubavuni HUDUMA YA HEWA SAFI. Mtu mwingine angelisikia agizo lile angedhani ni mteja mwenye haraka. Kwa Idara ya Usalama, mwajiri wake wa kweli, lilikuwa na maana moja tu: mtu wetu ametekwa, na huenda tunajua alipofichwa.

Mtu mwenyewe aliitwa Adomas Bružas. Mhandisi mpole, mwenye pumu, ambaye ngazi za ofisini kwake zilimtoa jasho. Lakini kichwani mwake mlikuwa na namba za siri za kamera zote za mpaka wa mashariki wa Lithuania. Watu wa upande wa pili walizitaka namba hizo. Juzi alitoka kazini na hakufika nyumbani.

"Rusnė, unanipata?"

Sauti ya mkuu wake, Labanauskas, ilitoka ndani ya vizuia kelele vya Peltor alivyovaa masikioni.

"Nakupata."

"Nyumba ni ya Mama Genovaitė, mama mkwe wa Edgaras Tamulis. Yule aliyekuwa afisa wa forodha, sasa anavusha sigara za magendo. Kuna mgeni kaonekana pale, anaitwa Gleb. Hatuna ushahidi wa kutosha kuvunja mlango. Ila asubuhi bibi mwenyewe kapiga simu ya huduma, madirisha yake yanatoka jasho. Ingia, angalia, toka. Usiguse kitu."

"Mimi ni fundi, mkuu. Fundi asiyegusa kitu ndiye anayeshukiwa."

"Rusnė!"

Tayari alikuwa anapiga kengele.

Ilikuwa Januari, mchana, theluji imefika magotini. Nyumba zote za mtaa ule zilifanana: mpya, kijivu, zimezibwa kila ufa. Nyumba ya namna hiyo haina pumzi yake yenyewe. Mashine ndiyo inayoipumulia. Inatoa hewa iliyochoka, inainyang'anya joto lake, inalikabidhi joto hilo kwa hewa safi inayoingia. Mashine ikisimama, wenyeji wanabaki kupumua pumzi za jana.

Edgaras alifungua mlango nusu. Mtu mnene, tabasamu la forodhani.

"Nani kakuita?"

"Mimi nimemwita!" Sauti ya kikongwe ilitoka jikoni. "Mpishe apite, unaniingizia baridi!"

"Mama, nilisema tusiite mtu wiki hii."

"Wewe ulisema. Mimi nikaita. Nyumba ya nani hii? Niliuza shamba langu nikaijenga, wewe ulileta televisheni."

Edgaras alikung'uta sanduku la vifaa sakafuni. Vichujio vipya. Drili ya Makita. Brashi ya mabomba yenye mti mrefu wa kupinda. Barakoa za 3M. Bastola hakuikuta, kwa sababu Glock ya Rusnė ilikuwa chini ya kiti cha gari.

"Fanya haraka. Na huko nyuma, baada ya chumba cha mvuke, usiende. Kuna mbwa mkali."

"Mbwa siwapendi," Rusnė alisema. "Nao hawanipendi."

Hewa ya sebuleni ilikuwa nzito mno. Meko ya ukutani yaliwaka magogo ya mbetula. Kwenye sofa, jamaa mrefu mwenye kichwa cha kunyolewa alikuwa amejikandamiza paji la uso kwa viganja viwili. Huyo ndiye Gleb.

"Kichwa," alinung'unika. "Tangu nije nyumba hii, kichwa."

Rusnė aliinua macho darini, akaelewa mara moja. Kwenye tundu la kuingizia hewa kulikuwa na kitu cha kijani kinachoning'inia. Chumba cha pili, chekundu. Cha tatu, chenye mistari.

"Mama, hizi ni nini?"

"Soksi. Huoni?"

"Naona. Zinafanya nini huko?"

"Zinaniokoa maisha!" Genovaitė alijifunga kitambaa vizuri kichwani. "Hiyo mashine yenu inanipulizia shingoni kutwa kucha. Mume wangu alikufa kwa upepo."

"Pole, mama. Kwa upepo?"

"Kwa vodka. Lakini ulianza upepo."

Sisi Walithuania tumezaliwa kwenye theluji, na majeshi ya majirani tumeyaona yakija na kuondoka. Hayo hatuyaogopi. Tunachoogopa ni upepo unaoingia kwa dirisha hili na kutokea kwa lile. Genovaitė aliuogopa kuliko wote. Kila tundu lililopuliza aliliziba kwa soksi ya sufu. Vishikio vya madirisha alivivua vyote mwezi wa kumi, akavifungia kabatini hadi Pasaka. Matundu ya jikoni na ya bafuni aliyaacha, kwa kuwa hayo hunyonya, hayapulizi.

Rusnė aliingia chumba cha mitambo. Genovaitė akamfuata, mikono kiunoni, amlinde asije akachomoa soksi.

Alifungua kifuniko, akavuta kichujio cha hewa inayotoka. Kilikuwa cheusi kwa vumbi na mafuta ya jikoni. Akakiinua kwenye mwanga wa tochi.

Akakigeuza.

"Mama, mbwa wenu ana siku ngapi humu?"

"Tangu juzi. Edgaras kamleta. Namchemshia mifupa, ila simwoni, kachukua ufunguo. Wa chumba changu mwenyewe cha matufaa!"

"Anabweka?"

Bibi alifikiri. "Kumbe habweki."

Nyumba yenye mbwa, kichujio chake hutoka na manyoya ya kutosha kufuma sweta. Hiki hakikuwa na unyoya hata mmoja.

Rusnė akapiga magoti mbele ya kisanduku ambamo mabomba yote ya kuingiza hewa huanzia. Kila bomba, jengo lilipojengwa, liliandikwa kwa kalamu jina la chumba chake. Sebule. Chumba cha kulala. La mwisho kabisa: matufaa.

Alifungua kisanduku, akaweka kiganja mdomoni mwa bomba hilo. Kimya. Hapakuwa na hewa hata ya kupuliza unga.

Akamgeukia bibi.

"Mama. Na kule uliweka soksi?"

"Ya kwanza kabisa! Matufaa hayataki upepo, yananyauka."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Chumba kidogo, mlango mzito wenye mpira pembeni, hakina dirisha. Edgaras na Gleb walikichagua kwa sababu hakipitishi sauti. Hawakujua kwamba hakipitishi na hewa. Na ndani yake walikuwa wamefungia mtu mwenye pumu.

Rusnė alifunga mti wa brashi kwenye drili, akaichomeka brashi bombani, akausukuma ule mti mrefu. Ukaenda, ukapinda, ukaenda tena. Ukagota kwenye kitu laini. Akasukuma kwa nguvu zote. Kitu kikaachia.

Akautoa, akaweka mdomo kwenye bomba.

"Adomas?"

Alisikia kwanza mluzi. Ilikuwa ni pumzi ya mtu.

"Nani?" Sauti ilitoka mbali.

"Fundi wa hewa."

"Umechelewa, fundi." Akakohoa. "Kuna soksi imenipiga kichwani."

"Una dawa yako?"

"Imeisha jana. Sikiliza. Waambie ofisini sijawapa hawa mbwa hata namba moja. Na siwapi. Jioni wakinivusha mpaka, wataubeba mzoga."

Genovaitė alikuwa amesimama, mdomo wazi. Rangi ilimtoka, kisha ikamrudi yote kwa mpigo.

"Nani huyo kwenye matufaa yangu?"

"Mbwa wako, mama," bomba likajibu. "Asante kwa mifupa."

Rusnė alimziba mdomo bibi kabla hajapiga ukelele. Mkono wa pili ulibonyeza kitufe cha Peltor.

"Mkuu. Yupo. Yu hai, lakini anakata pumzi."

"Vizuri. Toka sasa hivi. Kikosi kinaondoka Vilnius, kitafika kabla ya giza."

"Yeye hafiki hilo giza."

"Rusnė, hilo ni agizo. Hawa watu wana silaha, wewe una nini?"

Akatazama. Drili, brashi, mashine.

"Nina feni mbili," alisema. Akavivua vizuia kelele, akavitundika msumarini, vikabaki vinalia peke yavyo. Miaka yote ya utumishi wake alikuwa ametii. Leo hakutaka.

"Mama, madirisha kweli hayafunguki?"

"Mpaka Pasaka."

"Safi. Vaa hii barakoa."

Alirudisha vifuniko vya ndani. Feni ya kuingiza hewa akaiwasha kwa nguvu zake zote. Matundu yote mengine yalikuwa na soksi, kwa hiyo hewa ile safi ilipata njia moja tu. Kupitia bombani wakasikia Adomas akivuta pumzi ndefu, kisha nyingine. Nyumba nzima sasa ilikuwa inampumulia mtu mmoja.

Kisha akaipandisha feni ya kunyonya hadi mwisho wa namba.

Fundi yeyote atakwambia usifanye hivyo meko yakiwaka. Nyumba iliyozibwa vile, ukiinyonya hewa bila kuirudishia, itaitafuta popote. Na pale palibaki njia moja iliyo wazi: bomba la moshi.

Moshi ulioshika njia ya juu ukageuka, ukarudi chini.

"Edgaras!" Gleb alipiga kelele sebuleni. "Moto! Fungua dirisha!"

"Halina kishikio!"

"Nyumba gani hii haina vishikio?"

"Muulize mama mkwe!"

Sebule ikawa nyeupe. Gleb alitoka mbio hadi ukumbini, macho yamefumba, machozi yanamtiririka, mkono mmoja unapapasa ukuta. Rusnė alimngoja nyuma ya mlango wa chumba cha mitambo na kifuniko cha nje cha mashine, chuma kitupu. Alimpiga mara moja nyuma ya sikio.

Gleb akalala. Kichwa kilichomuuma siku zote hizo sasa kilipata sababu.

Akamfunga mikono kwa mikanda ya plastiki ya kufungia mabomba, kisha akaiokota drili yake.

"Simama hapo hapo!"

Edgaras. Shati kaligeuza kitambaa cha pua, macho mekundu, Makarov mkononi.

"Nilijua! Fundi gani anakuja siku ileile aliyoitwa!"

Rusnė aliinuka polepole. Drili ilikuwa mkononi, mti wa brashi, bado umefungwa kwenye ncha yake, umelala sakafuni kama nyoka. Bastola ilimtazama kifuani. Alijua hamfikii kabla ya risasi.

Genovaitė akapita mbele yake.

"Toka, mama!"

"Sitoki."

"Mama, haya ni mambo ya watu wakubwa. Toka hapo!"

"Wakubwa? Mimi ndiye mkubwa humu!" Alivua barakoa ili asikike vizuri. "Umemfungia mtu kwenye matufaa yangu! Umenifanya nimchemshie binadamu mifupa! Unataka kupiga risasi? Nipige mimi. Halafu umpigie mke wako simu, umweleze mama yake yuko wapi."

 Macho ya Edgaras yalitoka kwa Rusnė, yakaenda kwa bibi.

Ilitosha.

Rusnė alibana drili. Makita ikanguruma, mti ule mrefu ukazunguka, ukaruka kutoka sakafuni, brashi ya waya ikamkata Edgaras kwenye kifundo cha mkono. Makarov ilidondoka. Genovaitė akaipiga teke ikaingia chini ya mashine, kisha akamzaba mkwe wake kofi ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, alikuwa amelitunza tangu siku ya harusi.

Rusnė alimfunga Edgaras kwa mikanda ileile, akazima feni ya kunyonya, akachukua ufunguo mfukoni mwa Edgaras, akakimbia hadi nyuma.

Adomas alikuwa ameketi sakafuni kati ya makreti, mdomo juu chini ya tundu, soksi ya njano imelala magotini. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Rusnė alimtupa begani akamleta hadi ukumbini. Huku mbele moshi ulikuwa bado umetanda, na mluzi wa kifuani mwake ukaanza upya.

"Mama! Moshi huu lazima utoke mara moja. Fungua mlango wa mbele, na dirisha la nyuma!"

Genovaitė aliganda.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Kwa pamoja?"

Adomas aliinua mkono, akataka kusema kitu. Hakikutoka.

Bibi alimtazama. Maisha yake yote hakuwahi kufungua pande mbili mara moja, si kiangazi, si msibani.  Kisha akaenda kabatini, akarudi na kishikio, akafungua dirisha la nyuma hadi mwisho. Akapita ukumbini bila kumtazama mtu, akaupiga mlango wa mbele teke.

Upepo ukaingia kwa dirisha hili ukatokea kwa mlango ule. Ukabeba moshi, ukapeperusha mapazia, ukamvua Genovaitė kitambaa. Alisimama katikati yake, mvi zimetimka, ngumi zimekunjwa.

"Njoo basi!" aliukaripia. "Njoo unione!"

Adomas akavuta pumzi. Ya kweli, hadi chini kabisa. Akalia bila aibu, na bibi akamfunga shingoni kwa skafu yake mwenyewe.

Kikosi kilipofika na daktari, jua lilikuwa bado halijazama. Labanauskas alishuka garini, uso umewiva.

"Ulikaidi agizo."

"Nilikaidi."

"Kesho saa mbili ofisini kwangu, unieleze."

"Kesho nina mteja," Rusnė alisema. Alimkabidhi kichujio cheusi ndani ya mfuko. "Huu ndio ushahidi mliokosa. Tafuteni humo unyoya wa mbwa."

Akapanda Transporter.

"Wewe msichana!" Genovaitė alimwita kutoka barazani. Kitambaa kilikuwa kichwani tena, na mkononi soksi zote, kijani, nyekundu, za mistari. "Hizi nimezitoa. Lakini ile ya chumbani kwangu inabaki!"

"Nitakuja kuitoa, mama!"

"Jaribu! Na ufunge kioo cha gari, utakufa!"

Rusnė alimtazama. Akashusha kioo cha upande wa pili pia, vyote hadi chini, akaondoka katika baridi ile huku upepo ukimpita shingoni.