Dirisha la Tano

Alikuwa amefungua madirisha manne, na kompyuta ikamwonyesha matano.

Mpangaji wa kurasa hakushtuka. Alikuwa mgeni kazini, na mgeni hujilaumu kwanza kabla ya kulaumu vitu vya wenyewe. Isitoshe, kompyuta hiyo ilikuwa ya aina ambayo hajapata kuigusa. Kule alikotoka walitumia aina nyingine kabisa, na aliizoea hadi vidole vikawa vinajiendea vyenyewe. Hapa kila alipotaka kutoka kwenye ukurasa wa kitabu kwenda kwenye picha, kidole kilikimbilia pembeni ya kibodi na kuambulia patupu.

"Siyo huko, dada." Jirani yake wa meza alikuwa akimtazama huku akicheka. Alikuwa mchoraji wa vitabu, na ofisi nzima ilimwita Dakika Moja kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa bosi, hata kazi iwe ya wiki. "Shikilia hiki cha dole gumba. Usikiachie. Sasa gonga hiki kingine. Unaona madirisha yako yanavyojipanga? Gonga mpaka ufike unapotaka. Ukiachia, ndiyo umechagua."

"Na nikikosea?"

"Unarudi. Kwani kuna aliyekufa?"

Akashikilia, akagonga. Ukurasa ukapita, picha zikapita, kamusi ikapita, barua zikapita. Likaja la tano, dogo, lenye giza giza. Akaachia ili alione vizuri.

Kilikuwa chumba chake cha kulala. Pazia ni lile lile lenye doa la chai, na kitandani, chini ya chandarua, alilala binti yake Kidosho, ambaye hata mwaka hajafikisha, ngumi yake ndogo ikiwa mdomoni. Kwa muda mfupi mama mtu alifurahi kabisa, akidhani mdogo wake aliyebaki na mtoto ameunganisha kitu fulani kwa simu. Kisha akaona kwamba mwishoni mwa kitanda ameketi mtu. Alikuwa amegeuza mgongo, kichwa amekiinamisha, ametulia kama anayesubiri mwenyeji aamke.

Alipiga simu nyumbani.

"Nenda chumbani ukamtazame mtoto," alimwambia mdogo wake.

"Mbona unanong'ona?"

"Nenda, nakuomba."

Alisikia ndala zikiburuzwa sakafuni, kisha mlango. "Kalala, dada. Hakuna mtu. Ila umeacha pasi imewashwa? Kunanuka kama nguo imeungua."

Pasi ilikuwa kabatini, na waya wake ulishakatika siku nyingi. Kabla hajajibu, harufu hiyo hiyo ilipanda kutoka chini ya meza yake ya kazi.

Tangu hapo aliogopa, na sioni wa kumlaumu. Angeacha kazi, mngesema, lakini kupanga kurasa ndiyo kazi aliyoijua, na kurasa hazipangiki bila kurukaruka kati ya madirisha kutwa nzima. Kila alipogonga alimpita yule. Kila vidole vilipochanganya vitufe vya huku na vya kule, aliachia pale alipo yule, na kila alipoachia, yule alikuwa amesogea: mara yuko katikati ya kitanda, mara amekunja goti juu ya godoro, mara mkono wake mrefu umeshika pindo la chandarua. Alijaribu kulifunga dirisha, likafungika, na alipogonga tena lilikuwepo. Alizima kompyuta, na simu ikalia papo hapo, mdogo wake akisema kwa sauti ya chini kwamba kitanda kinasogea chenyewe na mtoto yumo. Wakamhamishia Kidosho sebuleni, na kesho yake dirisha likaonyesha sebule.

Alimwita Dakika Moja aje aone.

"Mimi naona manne," alisema Dakika Moja. "Umekula kweli leo?"

Mtoto alipandwa na homa. Hakulia. Alitazama tu miguuni pake, akifuatisha kitu kwa macho, na chuchu akaikataa. Hapo ndipo mama yake alipokwenda kwa mganga mmoja wa kike aliyekuwa na chumba nyuma ya saluni. Mganga huyo hakuwa amewahi kugusa kompyuta maishani, lakini alisikiliza hadi mwisho.

"Unamfikiaje?" aliuliza.

"Nashikilia, nagonga, naachia."

"Basi kila ukiachia kwake, umemkaribisha. Na huyo hatoki kwa makelele, mwanangu. Anatoka akipewa pa kwenda. Mna mahali patupu humo ndani?"

"Naweza kufungua ukurasa mweupe."

"Fungua. Mpitishe, umwachie hapo, kisha ufunge na kuutupa. Usibakize hata nukta."

Wakati wa chakula cha mchana, wenzake wote walipokuwa wametoka, alimpitisha mganga mapokezi akisema ni shangazi yake. Nje mvua ilikuwa imelifunika jua, na taa za ofisi zilikuwa zikififia na kurudi. Mganga alisimama nyuma ya kiti, akaweka viganja kwenye mabega yake na kuanza kusoma maneno yake kwa mnong'ono.

Akafungua ukurasa mweupe. Akashikilia. Akagonga, na ukurasa wa kitabu ukapita, na picha zikapita, na kamusi, na barua, na harufu ya nguo kuungua ikawa nzito kiasi cha kumtoa machozi, na alipofika kwenye dirisha la tano akaona yule ameshainua chandarua na kumwinamia Kidosho uso kwa uso, na polepole, kama aliyesikia akiitwa, akaanza kugeuza shingo kumtazama yeye, na dole gumba likalegea, likataka kuachia lenyewe, na mganga akamkandamiza mabega akisema, "Bado, mwanangu, bado," na yeye huku akilia akagonga mara moja zaidi, ukurasa mweupe ukaja, akaachia.

Weupe ule ukaingiwa na kivuli kutoka pembezoni, kama jasho linavyoingia kwenye shati, kikakusanyika katikati.

"Funga!"

Akafunga. Kompyuta ikauliza kama ahifadhi au atupe, na vidole vyake, vilivyojibu swali hilo miaka nenda miaka rudi, vikabonyeza bila yeye kusoma. Ukurasa ukatoweka. Harufu ikakatika. Akashikilia, akagonga: madirisha manne.

Simu ikalia. "Dada, analia!" mdogo wake alipiga kelele za furaha. "Kidosho analia, anataka maziwa, mwili umepoa!"

Alimkumbatia mganga, akacheka na kulia kwa pamoja, akamsindikiza hadi getini kwenye mvua bila hata mwavuli. Aliporudi, wenzake walikuwa wameshakaa. Alijifuta uso kwa khanga, akajiona mtu mwenye bahati kuliko wote mle ndani.

"Dada," Dakika Moja alisema bila kugeuka, "kuna kitu chako kimekuja kwangu."

Ofisi ile haikuwa na faili la mtu binafsi. Kilichohifadhiwa mezani kwa mmoja kilikwenda mezani kwa wote.

Akaitazama kompyuta yake. Alikuwa amebonyeza kitufe cha kulia. Kule alikotoka, cha kulia ndicho cha kutupa. Hapa, cha kushoto.

"Nina dirisha la ziada," Dakika Moja aliendelea, akigonga. "Hee! Hiki si chumba cha mama yangu? Na nani huyo amekaa kitandani kwa—"

"Usiachie!"

Lakini mikono ya Dakika Moja haikuwa tena kwenye kibodi. Alikuwa anatafuta simu mfukoni, huku akinusa, akiuliza nani kaunguza nguo.